Mgawanyiko wa Seli na Dhima ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Katika hesabu, kugawanya ni kupunguza. Mwenye machungwa manane akiyagawanya kwa watu wawili, kila mmoja hupata manne. Katika mwili wa kiumbe hai, kugawanyika ni kuzidi: seli moja hugawanyika zikawa mbili, mbili zikawa nne, na hakuna iliyopungukiwa. Kinyume hiki Kiswahili bado hakijakipa maneno ya kukitosha, na upungufu huo hauishii katika kurasa za kamusi. Huwafuata wazazi hadi kliniki.

Maradhi ya selimundu ni mfano mzuri. Nchini Kenya hupatikana zaidi katika ukanda wa Ziwa Victoria na Pwani, kwa sababu ambayo Anthony Allison, mtafiti aliyelelewa Kenya, aliidhihirisha mwaka 1954: anayebeba nakala moja tu ya jeni yenye kosa hukingwa dhidi ya malaria kali. Kosa lenyewe ni la herufi moja tu ya maandishi ya urithi, katika kromosomu ya 11. Seli nyekundu za damu hazigawanyiki, kwani zikikomaa huwa hazina tena kiini. Hutokana na seli za uboho, ambazo hugawanyika usiku na mchana na kutoa takriban seli nyekundu milioni 2 kila sekunde. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili kromosomu zake zote 46, kisha nakala hizo hutenganishwa ili kila seli mpya ipate 46 kamili. Unakili huu ni mwaminifu mno, hata kosa nalo hunakiliwa kwa uaminifu ule ule. Ndiyo maana kuongezewa damu humpa mgonjwa nafuu ya muda tu. Uboho wake huendelea kuzalisha seli zenye kosa, zinazoishi siku 10 hadi 20 badala ya siku 120 hivi.

Mgawanyiko huo Mjerumani Walther Flemming aliuita mitosisi mwaka 1882, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzi, kwa kuwa alichokiona kwa hadubini kilifanana na nyuzi. Upo wa pili, unaotokea katika korodani na ovari pekee. Huko seli hunakili kromosomu zake mara moja lakini hugawanyika mara mbili, hivyo kila mbegu ya kiume na kila yai hubaki na kromosomu 23. Waingereza Farmer na Moore waliupa jina mwaka 1905, nao wakachagua neno la Kigiriki lenye maana ya kupungua. Wagiriki wa kale, ieleweke, hawakujua lolote kuhusu seli. Wanasayansi waliokota maneno ya kawaida ya lugha hiyo wakayapa kazi mpya.

Katika Kiswahili, aghalabu yote mawili huitwa "mgawanyiko wa seli", na anayetaka kutofautisha hukimbilia mitosisi na meiosisi, majina yasiyomdokezea Mswahili chochote. Matokeo yake ni haya. Wazazi wawili wanaobeba jeni ya selimundu huambiwa kwamba uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni mmoja kati ya wanne. Kauli hiyo ni rahisi kueleweka kama ahadi: "Tukizaa wanne, ataugua mmoja." Kifungua mimba akiwa mgonjwa, wazazi huamini kwamba watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo hata kidogo. Nusu ya mbegu za baba zina kosa na nusu hazina, na mayai ya mama ni vivyo hivyo. Mtoto aliyetangulia hapunguzi wala haongezi kitu.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya wanabiolojia, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana fasihi na isimu za kumtosha. Lakini utata wa "mmoja kati ya wanne" si wa kibiolojia, ni wa kisemantiki. Daktari aliyesomea taaluma yake kwa Kiingereza hatauona. Istilahi nazo si jambo geni: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Kinachokosekana ni watu wa kuziingiza istilahi katika sentensi zinazosemeka, na kuzikosoa zinapokwama. Kwa nini pasiwe na "mgawanyiko wa nakala" na "mgawanyiko wa nusu"? La pili halipendezi sana masikioni, lakini linasema kweli, na mwenye bora alilete.

Tasnifu ngapi zimeandikwa kuhusu taswira katika ushairi, na ngapi kuhusu sentensi ambayo muuguzi wa Kisumu au Kilifi angemwambia mama? Sentensi hiyo ingeweza kuwa hivi: "Kila unaposhika mimba, hata iwe ya saba, hesabu huanza upya: baba hutoa nusu, nawe hutoa nusu, na hakuna ajuaye ni nusu ipi."