Boti Msalato? Ndiyo!

Wadau, mtanicheka. Niko Msalato, bahari siioni hata ndotoni, halafu naongelea majahazi. Lakini oneni Lamu: mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, jahazi la mita 9 la plastiki iliyookotwa, likavikwa ndala 30,000 hivi. Mwaka 2019 likafika Zanzibar. Ufundi ule mtu huupata kwa kushika tezo mbele ya fundi, si kwa cheti.

Dogo wa jirani yangu alifeli kidato cha nne. Kila anapobisha hodi anaulizwa cheti. Jamani! Wavuvi wa Mtera na Hombolo wanahitaji boti. Mpeni fundi mbao na vijana watano. Wa kwanza namlipia mimi, mshahara ukitoka.