Wakili Aingie Zahanati Kabla ya Kesi

Mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walichanganywa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Kilichoanguka pale ni utaratibu wa kumtambua mgonjwa.

Jambo kama hilo likitokea leo Tukuyu au Mafinga, tukio moja linaweza kumpitisha mtabibu kwenye milango mitatu. Kanuni ya Adhabu inahesabu matibabu ya kizembe yanayohatarisha maisha kuwa jinai. Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya 2017, lina mamlaka ya kumfutia daktari usajili. Kisha kuna madai ya fidia. Hospitali ikiwa ya serikali, mdai hutoa kwanza notisi ya siku 90, ndipo aende Mahakama Kuu.

Wapo wanaohofia kwamba mawakili wakizoea wodi, madaktari watatibu kwa woga: vipimo visivyo na haja, na rufaa za haraka kwenda Hospitali ya Kanda Mbeya ili lawama imwangukie mwingine. Hofu hiyo ina msingi. Lakini woga mkubwa zaidi ni wa mtu asiyejua sheria inamtaka nini. Wakili anayefaa huanza na makaratasi: fomu ya ridhaa ambayo mgonjwa ameelezwa kwa lugha anayoielewa, si kusainishwa tu mlangoni mwa chumba cha upasuaji, faili lenye saa na jina la aliyetoa dawa, siri ya majibu ya VVU, inayolindwa na sheria ya 2008, na sasa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayoigusa hata kompyuta ya mapokezi. Haya yote humlinda mgonjwa kabla hayajamlinda daktari.

Zahanati binafsi ya Uyole haiwezi kumlipa wakili kila mwezi. Zahanati kadhaa zikichanga, zinaweza.

Iringa ina vyuo vikuu viwili vinavyofundisha sheria, Chuo Kuu cha Iringa na Chuo Kuu Katoliki cha Ruaha. Mbeya ina ndaki ya afya ya Chuo Kuu cha Dar es Salaam. Vyuo hivi vianzishe pamoja dawati la sheria ya afya la kuzishauri zahanati hizo, likisimamiwa na mawakili. Mgonjwa naye apate msaada wake chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kwa mawakili wengine kabisa, maana anayeishauri zahanati hawezi kumtetea anayeidai. Wakuu wa vyuo hivyo, kaeni meza moja. Mwanzie na fomu ya ridhaa.