UCHAMBUZI: Kisima cha majibu kwa wanagenzi wa programu chakauka

MWANAGENZI wa kuunda programu za tarakilishi hukutana mapema na ajabu moja. Huiamuru mashine ijumlishe 0.1 na 0.2, akitarajia 0.3, nayo humrudishia 0.30000000000000004. Huyapitia maagizo yake tena na tena asione kosa, kwa sababu hajakosea. Tarakilishi huhifadhi nambari kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na katika hesabu hiyo sehemu moja ya kumi haiandikiki ikakamilika, jinsi theluthi isivyoandikika ikakamilika kwa desimali za kawaida.

Maelezo hayo ni mafupi, na ayajuaye huyatoa kwa dakika mbili. Tatizo ni kuwa anayeyahitaji na anayeyajua aghalabu hawafahamiani, na huenda wanaishi katika mabara tofauti.

Pengo hilo ndilo Wamarekani wawili, Jeff Atwood na Joel Spolsky, walilokusudia kuliziba walipozindua Stack Overflow mnamo Septemba 2008. Awali majibu ya aina hii yalikuwa yametawanyika kote mtandaoni, na zipo tovuti zilizodai ada kabla ya kumwonyesha msomaji jibu. Wawili hao waliweka utaratibu mwingine: yeyote aulize, yeyote ajibu, kisha wasomaji wapige kura ili jibu bora lipande juu. Maandishi yote yalitolewa chini ya leseni ya Creative Commons, inayomruhusu kila mtu kuyanakili na kuyatumia mradi amtaje mwandishi na akitoe anachokitunga kwayo chini ya masharti yayo hayo.

Waliojibu hawakulipwa hata senti. Ujira wao ulikuwa alama 10 kwa kila kura iliyopigiwa jibu, pamoja na heshima miongoni mwa wenzao.

Ufanisi wa mpango huo ulitokana na jambo moja, kwamba swali likijibiwa vyema mara moja huwafaa watu wasiohesabika. Mnamo 2009 mtu mmoja aliuliza namna ya kutangua hatua ya mwisho aliyoihifadhi katika Git, programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo. Swali hilo limesomwa zaidi ya mara milioni 10. Wengi wa waliolisoma hawakuandika neno lolote; walichota wakaenda zao.

Hata hivyo, kilichomfaa msomaji ndicho kilichomuumiza muulizaji. Ili hazina isijae marudio, swali lililokwisha kuulizwa lilifungwa, na lisiloeleweka likapigiwa kura za kulishusha. Mgeni alianza na alama moja tu, na hakuwa na ruhusa ya kutoa maoni chini ya jibu la mtu mwingine hadi afikishe 50. Kijana aliyeandika swali lake la kwanza kwa woga angeweza kulikuta limefungwa kabla hajamaliza kunywa chai. Mnamo Aprili 2018 kampuni yenyewe ilikiri hadharani kuwa watu wengi mno, hasa wageni, wanawake na watu weusi, waliiona kama mahali pa uhasama na majivuno.

Si haki kuwatupia waliojibu lawama zote. Mtu anayejitolea jioni baada ya kazi, akakumbana na swali lile lile mara ya ishirini, huchoka. Kasoro ilikuwa katika mpangilio uliotaka mahali pamoja pawe maktaba ya wasomi na pia darasa la chekechea. Kampuni ilifungua ukumbi maalumu ambamo wageni husaidiwa kuyaboresha maswali yao kabla hayajachapishwa, lakini hiyo ilikuwa tayari Juni 2024.

Kufikia wakati huo wengi walikuwa wamehama. Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ilizindua ChatGPT, mashine ya akili bandia isiyochoka wala kukaripia. Siku chache baadaye Stack Overflow ilipiga marufuku majibu yaliyoandikwa na mashine hiyo, kwa hoja kwamba yalipendeza kuyasoma ilhali mengi yalikuwa na makosa. Marufuku hayo hayakuwarudisha waliokwisha kuondoka. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2024 katika jarida la PNAS Nexus ulionyesha kuwa shughuli huko zilipungua kwa takriban asilimia 25 katika miezi sita ya kwanza, zikilinganishwa na tovuti za Urusi na Uchina ambako ChatGPT haikupatikana kwa urahisi. Upungufu haukuyagusa maswali mepesi pekee. Hata machapisho ya wajuzi yalipungua.

Kejeli iliyopo ni kuwa mashine hizo zilijifunza kutokana na maandishi ya aina hiyo hiyo ya watu waliojitolea. Mnamo Mei 2024 kampuni hiyo, ambayo Prosus iliinunua mwaka wa 2021 kwa dola bilioni 1.8, ilitia saini mkataba na OpenAI. Baadhi ya waandishi walijaribu kuyafuta majibu yao kwa hasira, wakajikuta wamesimamishwa. Kisheria hawakuwa na la kufanya, kwani leseni waliyoikubali haibatilishwi. Lakini mtu aliyechimba kisima cha kijiji akaona maji yakiuzwa ana sababu ya kununa.

Kwa Kenya, suala hili si la mbali. Mwaka wa 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) iliidhinisha mtaala wa kufundisha uundaji wa programu katika shule za msingi na za upili. Wanafunzi hao wataingia katika fani hii wakati kisima kikuu kinakauka. Kadhalika, hakikuwahi kuwa na mfereji wa Kiswahili. Stack Overflow ina matawi ya Kireno, Kihispania, Kirusi na Kijapani, ilhali swali lolote lisilo la Kiingereza katika tovuti kuu hufungwa.

Wapo watakaosema Kiswahili hakihitajiki, maadamu msimbo wenyewe huandikwa kwa maneno ya Kiingereza. Mjapani naye huandika msimbo kwa maneno yayo hayo. Anachokitafuta kwa lugha yake ni maelezo ya kwa nini umekataa kufanya kazi. Tena istilahi za Kiswahili bado hazijatulia. Kile kisanduku kinachohifadhi thamani ndani ya programu, wapo wanaokiita kigezo na wapo wanaokiita kibadilika. Hakuna kamati itakayouamua mvutano huo peke yake. Neno hushika pale watu wanapoulizana na kujibizana kwalo mara nyingi, mbele ya macho ya wengine.

Kuwa wasemaji wa Kiswahili wanaweza kujenga hazina ya pamoja si jambo la kubahatisha. Wikipedia ya Kiswahili iliyoanza mwaka wa 2003 ina maelfu mengi ya makala, yaliyoandikwa na watu wasiolipwa. Hazina ya wanagenzi ingehitaji machache zaidi: maswali mia mbili au tatu ya mwanzo yaliyojibiwa kwa utulivu, walimu na wahitimu wa kuyakagua, na nakala iliyo wazi kwa umma ili mauzo ya kampuni yoyote yasiifungie. Ingefaa pia kuwe na sehemu mbili, moja ambamo mgeni huuliza apendavyo, hata akirudia, na nyingine ambamo jibu bora huhifadhiwa. Kuzichanganya mbili hizo ndiko kulikowafukuza wageni kwingineko.

Gharama kubwa itakuwa saa za wanaojibu, na hapo ndipo vyuo vikuu vyenye wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi vingeweza kusaidia, kwa kuihesabu kazi hiyo kuwa sehemu ya masomo. Kwa sasa, mwanafunzi mwenye simu anapoiuliza mashine kuhusu 0.1 na 0.2, jibu humfikia yeye tu, sawa au si sawa, bila mwalimu kuliona. Anayeketi kando yake sharti naye anunue kifurushi chake cha data aulize upya.