Boma la Kivinje: Nyumba ya Serikali Iliyosubiri Reli

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi hufika Nangurukuru, na hapo huiona njia ikatayo kushoto kuelekea Kilwa Masoko. Wengi huishika njia hiyo kwa shauku ya kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, wakauone Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Ni wachache wanaogeukia Kivinje. Sisi tuligeuka huko siku moja baada ya sala ya Adhuhuri, tukiwa na watoto wetu, tukaenda hadi ufukweni na kusimama mbele ya Boma la zamani.

Ni jengo la ghorofa lililoelekezewa uso baharini, lenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Siku tuliyofika, sehemu yake kubwa ilikuwa gofu. Mzee mmoja mwenyeji alikuwa akipita na kikapu chake, na mmoja wa watoto akamkimbilia.

"Shikamoo, babu. Nyumba hii ilikuwa ya nani?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Ilikuwa ya serikali."

"Serikali yetu?"

Mzee alinyamaza kidogo. "Serikali ilikuwa ya Wajerumani," akasema. "Mikono iliyojenga ndiyo iliyokuwa yetu."

Jibu hilo tuliondoka nalo, na ndilo tunalotaka kulitafakari pamoja nawe wiki hii, ndugu msomaji.

Kwanza, neno lenyewe. Boma ni neno letu la kale: ni ua, ni uzio wa miti au mawe unaokinga watu na mali yao. Wajerumani walipojenga ngome na ofisi zao katika miji yetu, neno hilo likahamia huko, na hata leo halijarudi kikamilifu. Mtu akiitwa kwa mkuu wa wilaya, husema ameitwa bomani. Vijana wasiofungishwa ndoa na sheikhe wala kasisi, twasema wamefunga ndoa ya bomani. Neno lililokuwa na maana ya kinga ya nyumbani likawa jina la mahali ambapo mtu huenda moyo ukimdunda.

Kivinje haikuanza na Wajerumani. Katika karne ya 19, Kisiwani ilipokwisha kufifia, Kivinje ilikuwa ndiyo bandari kubwa ya pwani hii. Misafara ilitoka Ziwa Nyasa ikiwa na pembe za ndovu, na pamoja na pembe hizo, wanadamu waliofungwa minyororo. Hili tusilifiche. Baadhi ya nyumba nzuri za mji ule, na milango yake iliyonakshiwa, zilijengwa kwa faida ya biashara ya watumwa, na baadhi ya wafanyabiashara wake walikuwa watu wa dini yetu. Tumeamrishwa kusimamia haki hata pale inapokuwa dhidi ya nafsi zetu. Anayewasomea watoto madhila ya Mjerumani na kuyaruka madhila haya, amewapa nusu ya somo.

Septemba 1888, pwani ilipoinuka dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, maofisa wawili wa kampuni hiyo waliuawa Kilwa. Mei 1890, Hermann von Wissmann alifika kwa manowari na askari, akauteka mji. Baada ya siku chache akaziteka Lindi na Mikindani. Tangu hapo bendera ya kigeni ikapepea ufukweni.

Aliyekataa kuinama alikuwa Hassan bin Omari Makunganya, mtu mkubwa wa biashara ya misafara, ambayo watumwa nao walikuwa sehemu yake. Mwaka 1894 watu wake walidiriki kuushambulia mji wenyewe wa Kivinje. Mwaka uliofuata alikamatwa. Barua zake zilipochukuliwa, baadhi ya wenyeji mashuhuri wa mjini nao wakaingia matatani. Novemba 1895 Makunganya alinyongwa pamoja na wenziwe juu ya mwembe, na mahali pale pakaitwa Mwembekinyonga hadi leo. Ndani ya Boma hukumu iliandikwa kwa wino. Nje, watu waliihifadhi katika jina la mti.

Kisha ikaja kodi ya kibanda, iliyotangazwa mwaka 1897, ya rupia tatu kwa kila nyumba. Watu wa bara ya Kilwa waliitambua serikali kwa sura ya akida aliyekuja kuidai. Baada ya kodi likaja shamba la pamba la kulazimishwa, na Julai 1905 Wamatumbi wakang'oa pamba hiyo. Vita vya Maji Maji vilianza katika vilima vya wilaya ileile iliyotawaliwa kutoka Kivinje, vikaenea kusini yote. Wajerumani wenyewe walikisia kuwa waliokufa walikuwa 75,000. Wanahistoria wengine wanafika hadi 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Hapa ndipo inapoingia reli, nayo ni kisa ambacho wengi hatujakisikia. Katika miaka hiyohiyo, Wajerumani walikuwa wakijadili kujenga reli ya kusini, kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, ikifuata kwa jumla njia ya misafara ya kale. Mtaalamu wao, Paul Fuchs, alitumwa kuipima nchi kwa jicho la uchumi, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1905. Laiti reli hiyo ingejengwa, Kivinje ingekuwa mji wa stesheni, na Boma lake lingekuwa ofisi kuu ya lango la kusini.

Haikujengwa. Reli iliyoanza mwaka huohuo wa 1905 ilitoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mizigo hufuata njia iliyo rahisi, na wafanyabiashara hufuata mizigo. Morogoro ikapanda, Kivinje ikashuka. Vita Kuu vilipokuja, Waingereza waliingia Kilwa Septemba 1916 na kurithi utawala. Baadaye makao ya wilaya yakahamishiwa Kilwa Masoko, na Boma likabaki limeutazama bahari usiokuwa na meli.

Je, reli ingeiokoa Kivinje? Majirani zetu wa Nachingwea wana jibu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Reli ikajengwa kutoka pwani ya Lindi kwenda huko, na baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Mpango ulitupwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni, karanga hazikuonekana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Mji unaosimama juu ya hesabu za watu wa mbali huanguka siku watu hao wanapofunga daftari.

Turudi kwenye mawe, kwa kuwa mawe nayo yana elimu yake. Mafundi wa pwani walichoma matumbawe kwa kuni katika tanuri hadi yakawa chokaa, wakachanganya na mchanga, wakajenga ukuta wa mawe. Sakafu ya ghorofa waliibeba kwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwi ndefu, vyumba vya nyumba zetu za kale vilikuwa vyembamba, upana wake chini ya mita 3 hivi. Wajerumani waliyatumia maarifa hayo. Vitu walivyopenda kuleta ni mihimili ya chuma, mabati na vibaraza vipana, lakini ukuta ulibaki ule wa baba zetu. Hivyo mzee wa Kivinje hakukosea alipotaja mikono.

Ukuta wa namna hii huishi karne nyingi madhali una kofia na viatu: paa juu, msingi mkavu chini. Paa likiondoka, mvua huingia kwa juu na kuosha chokaa katikati ya mawe. Kisha ndege hudondosha mbegu, mti huota ufani, na mizizi hufanya kazi ya nyundo. Ndipo mtu mwenye nia njema huja na saruji. Saruji ni ngumu na haipumui. Huuzuia unyevu na chumvi ndani, na lipu huanguka pamoja na jiwe lililoishika. Waliokarabati magofu ya Kisiwani walirejea chokaa, na mwaka 2014 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zikaondolewa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini, ambamo ziliwekwa mwaka 2004.

Wapo wanaosema: liacheni lianguke. Nyumba iliyohukumu watu kunyongwa ina heshima gani? Hoja hii tunaiheshimu, kwa sababu inatoka katika jeraha la kweli. Lakini Qur'ani imetuhimiza tutembee katika ardhi tuangalie mwisho wa waliotangulia, na miongoni mwao wamo waliodhulumu. Magofu ya madhalimu ni sehemu ya somo. Boma likifutika, aliyenufaika ni nani? Mtoto atabaki na jina la mwembe bila kuiona nyumba iliyotoa amri.

Huko Mikindani, Boma lililojengwa mwaka 1895 lilikarabatiwa na shirika la Trade Aid likawa hoteli, na wenyeji wakapata kazi. Kivinje si lazima ifuate njia hiyo. Ingefaa zaidi, kwa maoni yetu, ikiwa maktaba na chumba cha kumbukumbu, chini ya halmashauri na idara ya mambo ya kale, pakiwa na nafasi ya habari za Makunganya, za Wamatumbi, na za wale waliopita hapo wamefungwa minyororo ambao majina yao hayakuandikwa na yeyote.

Hayo yataka fedha na muda. Lakini lipo lililo mikononi mwa kila familia leo. Katika masanduku ya bibi zetu, kuanzia Kivinje hadi Lindi, zimo barua na hati za nyumba, za mashamba na za wakfu, zilizoandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Wajukuu hawawezi kuzisoma, na nyingine hutupwa siku ya kufagia nyumba baada ya matanga. Tunawaomba: msitupe karatasi msiyoweza kuisoma. Ipelekeni kwa mwalimu wa madrasa au mzee ajuaye hati hiyo, isomwe, inakiliwe, ihifadhiwe pakavu. Na likizo ikifika, wapelekeni watoto Kivinje, muwasimamishe nje mbali kidogo na kuta, maana mawe huanguka. Waacheni waulize nyumba ilikuwa ya nani, kisha wajibuni yote, lile linalotuumiza na lile linalotuaibisha.

Tulipoondoka, adhana ya Alasiri ilikuwa imeanza, na mzee alikuwa ameweka kikapu chake chini akielekea msikitini. Tukamfuata.

Wabillahi tawfiq.