Zambarau na Jirani Zake

Lugha yetu imepata majina mengi ya rangi katika mashamba na bustani. Kijani ni rangi ya jani. Manjano ni kile kiungo tutiacho katika mchuzi. Rangi ya chungwa na ya waridi zajieleza zenyewe. Na zambarau ni lile tunda ambalo mtoto hulila kwa siri, kisha ulimi wake ukamfichua. Lakini leo nataka kunena juu ya zambarau nyingine, isiyo ya tunda wala ya ua, bali ya majani.

Bila shaka mmepata kuona mmea mfupi wenye mashina laini yatambaayo, majani marefu ya zambarau, na maua madogo ya waridi yenye petali tatu tatu. Wataalamu huuita Tradescantia pallida, na asili yake ni nchi ya Meksiko. Kwa kuwa huota upesi, wako watu wanaoupanda kila mahali, hata tuta zima likawa zambarau tupu. Na wako wengine wanaoung'oa, wakisema kwamba majani yake ni kama ya mmea mgonjwa. Kwa maoni yangu, wote wawili wamekosa. Rangi hii haipendezi peke yake, wala si ya kutupwa. Uzuri wake hutegemea jirani zake.

Kwanza yafaa tujue kwamba mmea huu si mgonjwa. Ndani ya jani lake mna kijani kile kile kilichomo katika majani mengine, nacho hutengeneza chakula cha mmea kwa nguvu ya jua. Lakini kimefunikwa na rangi ya zambarau. Ukilichemsha jani hilo, zambarau hutoka ikaingia majini, na jani hubaki na kijani chake. Tena, mmea ukikaa kivulini siku nyingi, zambarau hupungua, na majani huanza kuwa ya kijani. Kwa hiyo apandaye majani ya zambarau chini ya mwembe mkubwa hupata hasara mbili: rangi yafifia, na hiyo kidogo iliyobaki yamezwa na giza la kivuli.

Mahali pake ni juani, mbele ya kitu cheupe au cheupe kidogo. Katika Mji Mkongwe kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe zikapakwa chokaa. Chungu kimoja cha majani ya zambarau, kikiwekwa mbele ya ukuta wa namna hiyo katika ua upatao jua, huonekana toka mlangoni. Chungu hicho hicho kikiwekwa katika pembe yenye giza, mtu atapita asikione.

Sasa tutazame jirani. Jirani aliye bora kuliko wote ni manjano. Pandeni nyuma yake krotoni wenye majani ya madoadoa ya manjano, au alamanda wenye maua kama tarumbeta. Zambarau ni nzito, manjano ni nyepesi. Kila moja huifanya nyenziwe ionekane zaidi. Kijani kibichi cha majani machanga nacho chafaa. Waridi hafifu huipoza, na chungwa huichangamsha. Lakini msiiweke karibu na majani ya rangi ya damu ya mzee. Zote mbili ni nzito, nazo zikikaa pamoja hakuna ionekanayo sawasawa.

Jambo hili si geni kwetu. Itazameni kanga. Ina mji wake katikati, na pindo pande zote, na jina lake limeandikwa. Mchoraji hafanyi pindo na mji kuwa rangi moja nzito, kwa maana kanga ingekuwa kama doa kubwa. Au tazameni kikuba: asumini nyeupe hukaa pamoja na rehani ya kijani. Mama zetu walijua kuchanganya rangi kabla hatujaanza kulima matuta ya shule. Basi tuta na liwe kama kanga: mji wa kijani na manjano, na pindo la zambarau. Katika kila mashina manne, moja tu likiwa la zambarau, yatosha.

Najua wako watakaouliza, "Mbona tupoteze nguvu kwa mimea isiyoliwa? Afadhali mhogo." Swali hili ni la haki, hasa kwa mtoto achotaye maji ya kumwagilia. Nami nasema, mhogo uwe wa kwanza. Lakini mmea huu hautaki maji mengi, wala haununuliwi. Vipande vya shina lake hupandwa kama vile vya mhogo, nao wakati wa masika hushika mizizi upesi. Hata upande wa mashariki, kama Chwaka na Makunduchi, ambako udongo ni haba juu ya mawe, waweza kuota katika chungu au bati kuukuu. Tena, watu wenye elimu hawakudharau mimea ya mapambo. Mwaka 1949 R. O. Williams alitoa kitabu juu ya mimea ya Unguja na Pemba, akaiweka ile ya manufaa na ile ya mapambo katika kitabu kimoja.

Wengine watasema kwamba huu ni mmea wa kigeni. Ni kweli, lakini alamanda ametoka Amerika ya Kusini, na mkarafuu, uliotupatia sifa duniani, uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19, na asili yake ni visiwa vya Maluku. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Walisema pia kwamba siku ya tatu mgeni apewe jembe. Basi mpeni mgeni huyu kazi ya kushika udongo kandokando ya tuta. Mkateni asipite mpaka wake, wala msitupe vipande vyake porini, maana vitaota huko na kuisonga mimea mingine. Nanyi mkimaliza kumkata, naweni mikono, kwa sababu utomvu wake huwasha ngozi ya watu wengine.

Mkipata nafasi, nendeni Forodhani, katika bustani iliyofunguliwa mwaka 1936 kwa ukumbusho wa miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, ikatengenezwa upya mwaka 2009. Chagueni mmea mmoja, mjiulize: jirani yake amemfaa, au amemfunika? Kisha rudini kwenye tuta lenu mkajiulize vivyo hivyo, kabla ya kupanda na kabla ya kung'oa.