VESPA YA STAA: RANGI KALI, GIA INACHOMOKA!

Wadau, kuna msanii mmoja hapa mjini (jina kapuni) kila siku anatupia picha za Vespa PX yake ya kizamani. Rangi ya maziwa, siti mpya, taa zinang'aa, likes kibao. Juzi kaandika mwenyewe kuwa kaweka silinda na pistoni kubwa ili ikimbie, ila gia ya pili inachomoka. Anacheka! Na nyuma kampakia mpenzi wake.

Mimi hapo namkatalia. Ndani ya gia boksi ya Vespa kuna kichuma chenye umbo la msalaba, ndicho kinachoshika gia uliyochagua kwa mkono wa kushoto. Kingo zake zikilika, ukivuta mafuta gia inaruka. Kukibadilisha lazima injini ipasuliwe katikati, ndiyo maana watu wanakwepa: hela inatoka na kwenye picha hakionekani. (Kuna mafundi nao wanakukazia waya wa gia tu, "bosi tayari".)

Halafu klachi. Umeongeza nguvu, springi ni zilezile za zamani, pleti zitaacha kuteleza vipi? Funga springi ngumu na pleti mpya, uziloweke oili kwanza. Oili yenyewe ya gia boksi ni mililita 250 tu, SAE 30.

Kaka, siku ikichomoka ukiwa unaipita daladala, na yule dada nyuma hana hata helmeti? Uza hizo taa, upasue injini.