Mrushaji na Wadakaji Wake

Wamarekani wana mpira wao ambao aghalabu huchezwa kwa mikono. Mchezaji mmoja, wamwitaye kwotabeki, husimama nyuma akaurusha mbali, na wenziwe wakatimua mbio kwenda kuudaka. Sifa humwendea mrushaji. Hapo ndipo penye mzozo: ushindi ni wa mkono uliorusha, au wa mikono iliyodaka?

Mwaka 2022 Kansas City waliachana na mdakaji wao hodari, Tyreek Hill, akenda Miami. Mrushaji aliyeachwa, Patrick Mahomes, alitwaa ubingwa Februari 2023, akautwaa tena Februari 2024. Huko Miami nako, mwaka 2023, Tua Tagovailoa aliongoza ligi nzima kwa masafa ya pasi zake. Basi mdakaji yule alimpandisha mmoja, na kuondoka kwake hakukumshusha mwengine.

Mizani hii naipeleka Meru na Embu, maana siasa za huko nazo zina warushaji na wadakaji wake.

Agosti 2022 William Ruto alizoa kura nyingi za urais Meru, lakini mgombea ugavana wa chama chake, Mithika Linturi, alishindwa na Bi. Kawira Mwangaza, aliyesimama bila chama. Mkono ulirusha, mpira haukudakwa. Bi. Mwangaza naye aliingia ofisini kwa nguvu zake mwenyewe, bila madiwani wa kumdakia. Baraza la kaunti likapiga kura kumwondoa mwaka 2022, likarudia 2023. Mara zote mbili Seneti ikamwokoa. Ya tatu, Agosti 2024, haikumwokoa. Machi 2025 Mahakama Kuu ilikataa ombi lake, na naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa. Wako wasemao alionewa, na huenda ni kweli. Lakini sisi wa pwani twamjua manju asiye na waitikiaji: sauti hata iwe tamu vipi, ngoma hulala.

Embu ndiko kwenye hesabu ngumu. Kiti cha ubunge cha Mbeere Kaskazini alikipata Geoffrey Ruku mwaka 2022 kwa tiketi ya DP, kisha mwaka 2025 akateuliwa waziri. Ulipoitishwa uchaguzi mdogo wa tarehe 27 Novemba 2025, Ruku alikuwa amehamia upande wa UDA, bega kwa bega na Naibu wa Rais Kithure Kindiki na Gavana Cecily Mbarire. Upande wa pili walikuwako Rigathi Gachagua na Justin Muturi, aliyepata kuwa mbunge wa Siakago. Leo wa Muthende wa UDA alipata kura 15,802, Newton Karish wa DP 15,308. Tofauti ni 494.

Tazama ajabu yake. Mdakaji kahama, na timu aliyoihama ikabaki na kura zaidi ya 15,000! Waliompa kura mwaka 2022 hawakumfuata wote. Ila ukimwondoa yeye na hao nyota wenziwe, sioni hizo 494 zingetoka wapi. Ushindi ule, kwa maoni yangu, ni wa wadakaji, nao walidaka kwa ncha za vidole. Mwaka 2027 majimbo yote 290 yatapiga kura siku moja, na vigogo hao hawatapata wasaa wa kupiga kambi Siakago.